Kifaru wa Mbao Aliyenizungusha Mombasa, Tanga na Arusha

Shida yangu ilianza mwaka wa 1986, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Mama yangu, Katunge, alifariki hapo Majengo, Nairobi, nikatoka shule darasa la nne na sikurudi tena. Baba sikumjua. Aliondoka nikiwa na miaka minne, na mtoto wa miaka minne hakumbuki sura. Mimi nakumbuka koti la kaki na harufu ya mbao, basi. Mjomba Kilonzo, ndugu ya mama, alinipeleka kwenye kibanda cha wachongaji vinyago karibu na Gikomba, akanipa kipande cha msasa, akasema, "Sugua." Nikasugua miaka tisa.

Naandika haya kwa sababu yenu nyinyi watatu mnaokunywa chai kwangu kila Jumamosi. Kila mara mnaniuliza ile safari ya 1995 ilikuwaje, na kila mara nawajibu nusu. Niliporudi wakati ule niliwaambia watu wa kibandani kwamba kila kitu kilienda sawa. Haikuwa hivyo. Sasa naandika vile ilikuwa. Mambo ya tikiti na makaratasi ya mpaka naruka, hayo hayana utamu. Na anayetaka Kiswahili cha mwalimu, amtafute mwalimu.

Kilichonitoa Nairobi

Nilitaka kumuoa Ndinda. Baba yake, Mzee Nzioka, alikuwa dereva wa lori, amepanga nyumba Kayole, ghorofa ya tatu. Nilienda kwake na Mjomba tukiwa tumevaa vizuri. Akatupa chai, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Kijana hana neno. Anafanya kazi, halewi. Lakini mbuzi wa ntheo huletwa na baba. Baba yake alikufa?"

"Hatujui," Mjomba akasema.

"Kama alikufa, nionyesheni kaburi, nitapokea mbuzi kutoka kwako wewe mjomba. Kama yuko hai, aje mwenyewe. Lakini mtu ambaye hajafa na hayupo, mbuzi wake mimi sipokei."

Kwetu Wakamba, bila wale mbuzi watatu wa ntheo hakuna ndoa, hata muimbe kanisani mpaka sauti zikauke. Tena mzee akasema wazi kwamba kuna mwalimu fulani wa kule kwao Mwala ambaye baba yake ameshakuja kuuliza, na Desemba watu wakienda nyumbani atampa jibu. Huu ulikuwa mwezi wa tisa. Ndinda alikuwa amesimama mlangoni na birika. Aliniangalia tu, na mimi nikaelewa kwamba nina miezi mitatu.

Mama aliniachia kitu kimoja cha baba: kifaru wa mbao ya muhugu, ukubwa wa mkate. Alizoea kusema, "Huu ni mkono wa baba yako." Na wachongaji hujuana kwa mkono. Mtu akitazama kinyago anakwambia huyu ni fulani, kama vile wewe unavyojua mwandiko wa ndugu yako. Jina la baba lilikuwa Mbithi, lakini kina Mbithi wako wengi kama mawe ya Athi. Nikaona jina halitanisaidia, kifaru atanisaidia. Ikanichukua mpaka Novemba kupata nauli, ndipo nikamfunga ndani ya sweta nikaondoka.

Treni na firigisi

Nilipanda treni ya Mombasa, daraja la tatu, kwa sababu huko ndiko wachongaji wamejaa. Karibu na mimi alikaa mama mmoja Mluhya, Mama Nekesa, anaenda kumwona mume wake anayefanya kazi bandarini. Alikuwa na kikapu kimefunikwa kitambaa, na harufu yake iliniumiza tumbo njia nzima.

Tulipofika Voi kumeshapambazuka, kichwa cha treni kikakataa. Tukaambiwa nusu saa. Saa nne tukaambiwa nusu saa. Saa saba jua likiwa utosini, watu wameshuka wamekaa kwenye kivuli cha mabehewa, tukaambiwa tena nusu saa. Mama Nekesa alinihurumia.

"Wewe mtoto wa watu, utakufa na sisi tunakuangalia. Kuna kuku hapo ndani. Chukua kipande, mimi nilaze macho."

Mimi mtu wa adabu. Nikasema nisichukue paja, nisichukue kidari, nichukue kile kidogo kabisa ambacho hakuna mtu atakililia. Nikachukua firigisi. Nikala.

Alipoamka akafunua kikapu, akahesabu kwa macho, akaniangalia.

"Firigisi iko wapi?"

"Nimekula mama. Nilichukua kadogo."

"Kadogo? Hiyo ndiyo ya mwenye nyumba! Sasa nitamwekea nini mbele baba Nekesa? Nitamwambia alikula nani?"

"Mwambie ni mimi, Musyoka."

"Ati nimwambie kuna Musyoka!" Behewa zima likacheka. Mzee mmoja wa upande wa pili akasema, "Kijana, wewe sasa ndiye mume wa huyu mama, mpaka afike Mombasa."

Nilicheka nao, lakini roho haikucheka. Kwetu firigisi ni nyama tu. Kwao ni kiti cha baba. Nilijiuliza ni vitu vingapi vya baba ambavyo mimi sivijui kwa sababu hakuna aliyevikalia mbele yangu. Mama Nekesa alinisamehe kabla ya Mariakani, akanipa na paja juu yake.

Mombasa: majina matatu

Wachongaji wa Mombasa wengi ni Wakamba wenzangu, nikadhani nimefika nyumbani. Sikukaribishwa kama wa nyumbani. Niliingia kwenye kiwanja chao Changamwe, mamia ya watu wameketi kwenye maganda ya mbao, nikamtoa kifaru. Wa kwanza akasema, "Huu mkono ni wa Mwangangi, alikufa." Wa pili akasema, "Wewe huoni? Mwangangi hakuwahi kuchonga kifaru. Huyu ni Nduku wa Malindi." Wa tatu akawatukana wote wawili kwa Kikamba nisichoweza kuandika hapa.

Wakaniuliza, "Wewe mwenyewe ni fundi wa nini?"

"Fundi vinyago."

"Tuonyeshe. Toa hata sikio la ndovu." Wakanipa tezo, kile kishoka cha kuchongea, na kipande cha mti.

Hapo nitasema ukweli ambao sikuwaambia nyinyi. Nilikuwa sijawahi kushika tezo. Kibandani kwetu mmoja hutoa umbo kwa tezo, mwingine anachonga uso na macho, mwingine anapiga msasa na kupaka rangi ya viatu. Mimi nilikuwa wa msasa. Miaka tisa nilijiita mchongaji na sikuwa nimemtoa mnyama hata mmoja kwenye mti. Nilipiga tezo mara mbili, mti ukaruka ukampiga mtu kwenye goti.

"Wewe si fundi, wewe ni sabuni!" akapiga kelele yule wa goti. Jina hilo, Sabuni, likanifuata siku tatu nilizokaa pale nikila mihogo na kunywa kahawa chungu na jasho likinitoka mpaka kwenye masikio.

Siku ya tatu akarudi mzee mmoja aliyekuwa ameenda mazishini. Akamshika kifaru usoni, akaweka kidole gumba kwenye jicho.

"Hili jicho silipotezi. Tundu la sindano, na ukope juu yake. Ni Kimeu. Yuko Tanga."

Jina halikuwa Mbithi, lakini mtu aliyehama hubadilisha jina. Nikamuuliza, "Una hakika?"

"Sabuni," akasema, "mimi nimekwambia Tanga."

Tanga: baba asiyekuwa baba

Basi lilikwama kabla ya Horohoro, pale mpakani. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara wakati ule ilikuwa udongo mtupu. Tulishuka tukasukuma, wanaume na wanawake, na kiatu changu cha kushoto kikabaki kwenye matope ya Kenya wakati mimi niko Tanzania. Niliingia Tanga na ndala za kununua.

Nikaingia kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza vitumbua, nikasema kama tunavyosema kwetu Eastlands ya Nairobi: "Nipe chai na vitumbua vinne, haraka."

Mama akaniangalia kutoka juu mpaka kwenye ndala. "Mwanangu, umelala salama? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Chai."

"Na mimi sijambo, ahsante kwa kuniuliza." Wateja wakainama wakicheka kwenye vikombe. "Kaa chini. Huyu ametoka Nairobi, ana haraka ya kufika asikokujua." Alinipa chai baada ya wote, lakini akaniongeza kitumbua cha tano bila kuombwa. Mpaka leo sijui kama aliniadhibu au alinipenda.

Yeye ndiye alinielekeza kwa Mzee Kimeu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mzee mwembamba, anachimba jicho la swala. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Mombasa, yote yakakimbia. Nikapiga magoti nikasema, "Baba!"

Patasi ikamtoka mkononi.

"Baba nani? Mimi sina mtoto. Kijana, usinitafutie mambo na mke wangu yuko hapo ndani."

Nikamtoa kifaru. Mzee akalitazama lile jicho, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amefanya. Alimgeuza kifaru, akatazama chini ya tumbo.

"Jicho ni langu. Lakini tazama hapa ambapo msasa haufiki. Unaona alama za tezo? Zinalala upande gani?"

"Kulia."

"Mtu wa mkono wa kulia, alama zake zinalala kushoto. Huyu ni mtu wa shoto. Tulikuwa watatu pale Majengo. Shoto alitoa umbo, mimi nikatia macho, na mwenzetu mmoja mpole akapiga msasa."

"Baba yangu aliitwa Mbithi. Ni yupi kati yao?"

Mzee akampangusa kifaru vumbi. Kuku walipita kati yetu.

"Mmoja wao alikuwa na mke. Katunge. Tulikuwa tunakula kwake sote watatu, muthokoi wa mahindi na maharagwe. Lakini mume alikuwa Shoto au yule wa msasa? Mwanangu, nikikujibu nitakudanganya. Shoto tulimwita Shoto. Yule wa msasa simkumbuki hata jina."

"Alama yake iko wapi?"

"Ya msasa? Msasa hauna alama. Kazi yake ni kufuta za wengine."

Sikulala vizuri nyumbani kwake. Miaka tisa nilikuwa nafuta mikono ya watu na sikujua. Na kama baba alikuwa mtu wa msasa kama mimi, basi kifaru yule, ambaye nimembeba kama mtoto, hana hata mkwaruzo mmoja wa kumwonyesha. Asubuhi Mzee Kimeu akaniambia alisikia Shoto yuko Arusha. Nikaenda Arusha kwa sababu huko kulikuwa na alama.

Arusha: Mzee Shoto

Tairi lilipasuka karibu na Same, tukakaa masaa tukiangalia milima. Moshi nilikula mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, nikafikiri ni uji wa mgonjwa, nikamwambia mwenye hoteli kwamba mimi siumwi. Akanisogezea bakuli. Nilipouonja nikaomba wa pili.

Mji wa tatu huo, na kichwa changu kilikuwa kimechoka. Nairobi nilikuwa mchongaji, Mombasa sabuni, Tanga mtu asiye na salamu. Kila mji ulinipa jina na hakuna hata moja nililolichagua.

Sikumtafuta sana. Nilitembea kwenye vibanda vya vinyago karibu na soko nikitazama mikono tu. Wote walipiga tezo kwa kulia. Wa mwisho, chini ya paa la bati, mzee mnene mwenye ndevu nyeupe, alipiga kwa kushoto. Sikupiga magoti mara hii. Nilimwekea kifaru kwenye mapaja.

Akamgeuza mwenyewe, tumbo juu. Akacheka.

"Huyu ni wangu. Umemtoa wapi?"

"Kwa mama. Katunge wa Majengo. Alisema ni mkono wa baba yangu."

Akaendelea kuchonga. Vipande vya mti vikaruka.

"Katunge yuko?"

"Alifariki, 1986."

Tezo likasimama. "Alikuwa anajua kupika muthokoi."

"Mzee, wewe ni Mbithi?"

"Hapa naitwa Shoto."

"Na yule wa msasa?"

"Alikufa. Kifua. Mimi ndiye nilimzika, hapa hapa Arusha."

"Aliitwa nani?"

"Kijana, umetoka Nairobi na ndala. Unataka nini hasa? Niambie kitu kimoja."

Nikamwambia. Ndinda, mbuzi watatu, Mzee Nzioka, yule mwalimu wa Mwala, Desemba. Nikamwambia pia kwamba kama baba ni yule aliyekufa, basi anionyeshe kaburi nipeleke habari, Mjomba alete mbuzi. Aliposikia hivyo akaangalia pembeni.

"Kaburi halina jina. Baba mkwe wako atakwenda kuangalia udongo Arusha? Atasema mmechimba jana." Akaanza kukusanya vyombo vyake kwenye gunia. "Anataka baba. Hakusema anataka Mbithi. Twende."

Namanga

Tulingoja mpakani nusu siku kwa sababu mwenye muhuri alikuwa ameenda kula. Nilimwuliza mzee maswali kumi na matano. Alijibu yale ya mbao. Mengine alilala.

Askari alipofika kwetu akaniuliza, "Huyu mzee ni nani wako?"

Nilifungua mdomo, na kabla sijatoa neno, yule mzee akasema, "Huyu ni mwanangu." Alisema kama mtu anayeonyesha mzigo wake. Sikujua kama alikuwa anamjibu askari au ananijibu mimi. Nilitaka aseme tena. Hakusema tena.

Kayole: mbuzi ghorofani

Tulipofika kwa Mjomba Kilonzo, nilisimama nikiangalia uso wake, kwa sababu yeye alimwona baba mara mbili zamani. Mjomba alimtazama mzee, mzee akamtazama Mjomba. Kisha Mjomba akainuka akampa kiti chake. Nilipomvuta kando kumwuliza, alisema, "Miaka kumi na minane ni mingi. Mtu hunenepa."

Watu wenye adabu hupeleka mbuzi kijijini. Mzee Nzioka alisema yeye analipa nyumba Kayole, kwa hivyo nyumbani ni Kayole. Kwa hivyo siku ya Jumamosi, mwanzo wa Desemba, tulipandisha mbuzi watatu ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Mmoja alikataa kwenye ghorofa ya pili akaingia nyumba ya watu waliokuwa wakila. Watoto walijaa kwenye ngazi wakipiga kelele, "Buda, mbuzi zimehamia ploti!" na vijana wakituambia, "Wazee, si mngewapigia lifti?"

Ndani kulikuwa na wazee wa Nzioka sita na shangazi mmoja mkali. Mzee Shoto alisimama, akashika kamba tatu, akazinyoosha kumpa Mzee Nzioka. Kwa mkono wa kushoto.

Nyinyi mnajua. Kwetu mtu hakupi hata chumvi kwa mkono huo.

"Ala!" shangazi akasema. "Anatutukana?"

"Badilisha mkono, mzee," mmoja akasema.

Mzee Shoto hakubadilisha. Niliona jasho kwenye shingo yake. "Huu ndio mkono wangu wa kazi," akasema. "Ule mwingine haujawahi kufanya kitu cha maana. Siwezi kumletea mtoto mbuzi kwa mkono wa uvivu."

Nilijua imekwisha. Nilimtazama Ndinda, akafumba macho.

Mzee Nzioka akaziangalia zile kamba, akamwangalia mzee. "Wewe ndiye baba ya huyu kijana?"

"Mbuzi nimeleta mimi. Nimetoka nao chini mpaka hapa. Unamwona mwingine?"

Nzioka akaanza kucheka polepole. "Mimi gia nabadilisha kwa huo huo mkono, miaka ishirini sasa, na sijaua mtu." Akanyoosha wake wa kushoto akazipokea kamba. "Shangazi, kaa chini. Mama Ndinda, leta kisu."

Tulikula mbuzi mmoja siku hiyo na nikawa na mke.

Asubuhi ya Jumatatu nilimsindikiza mzee kwenye basi la Arusha. Nikamshika koti. "Mbuzi wameliwa. Sasa niambie. Wewe ni Mbithi?"

"Umepata mke?"

"Nimepata."

"Basi." Akapanda.

Nilienda kumwona karibu kila mwaka, akanifundisha kushika tezo mpaka nikajua kutoa mnyama kwenye mti. Sikumwuliza tena, na yeye hakusema. Alipofariki nilipigiwa simu mimi, na ni mimi niliyetupa udongo wa kwanza, hapo Arusha, karibu na kaburi lile la mtu wa msasa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilisimama pale sijui kama namlilia baba au rafiki yake, na machozi yalitoka hivyo hivyo.

Kama mlitaka niwaambie nilijifunza nini kwenye miji ile, sijui. Nilikuwa kijana, nilienda kutafuta mtu mmoja nikarudi na swali. Waliosoma watapata jibu. Mimi nilipata mambo ya kufanya.

Leo nina haya. Nyumba ya mawe Kayole, vyumba kumi na vinne, wapangaji wengine wana digrii na kodi wanachelewesha. Kibanda changu cha vinyago, mafundi saba, na kila mmoja nimemfundisha kazi yote, tezo, macho na msasa. Shamba Mwala, ng'ombe wawili. Mke, Ndinda. Watoto wanne, wawili wameoa na mbuzi nilipeleka mimi. Makaburi mawili Arusha, yamekaa karibu karibu. Yote mawili nimeyajengea saruji.